Miko ya Mzee Kasiani

Vijana wangu wa chumba cha kuhifadhia vitu, mwezi uliopita, nilipostaafu, mlinipa keki, kanga na kiti cha kupumzikia, halafu Rehema akasema mbele ya watu wote kwamba mnachotaka kwangu ni kimoja tu: niandike niliyoyaona kazini kabla sijaanza kuyasahau. Kiti nimekikalia. Keki iliisha palepale. Hili la kuandika ndilo limenisumbua, kwa sababu kazi yetu haina mambo makubwa. Tunapangusa vumbi, tunafukuza wadudu, tunaandika namba ndogo kwa wino mahali ambapo macho hayafiki. Ukiifanya vizuri miaka yote, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea.

Vyeo nitaviacha. Nianze na siku ya kwanza.

Nilitoka Mang'ula, ambako baba alikuwa mfanyakazi wa reli, nikiamini kwamba makumbusho ni ofisi yenye meza, na kwamba mimi nitapewa moja. Nilipewa kigoda na kibuyu cha maziwa. Aliyenipa alikuwa Mzee Masanja, msimamizi wa ghala, Msukuma mrefu aliyezungumza polepole kama anayetembea na mzigo kichwani.

"Kaa nacho mpaka chakula cha mchana," akasema. "Halafu uniambie nani alikuwa anakitumia."

Nikamwambia labda imeandikwa kwenye kadi.

"Kwenye kadi wameandika wanunuzi. Mimi nakuuliza mwenyewe aliandika nini."

Nilikaa nikakigeuza kibuyu kile mpaka nikakichukia. Mchana ulipofika, Mzee Masanja alikichukua kwa mikono miwili, akanionyesha doa jeusi lililong'aa upande mmoja. Hapo ndipo kiganja kilipokuwa kinakaa. Ukikishika ukafuata doa, mkono uliokuwa unakunywa ulikuwa wa kushoto. Akakirudisha rafuni. Tangu siku hiyo sijawahi kushika kitu cha mtu bila kukitafutia mkono.

Alinifundisha na mengine, ambayo nanyi nimewafundisha hadi mmechoka: kila kitu hubebwa kwa mikono miwili, hata kijiko; brashi iwe laini kama ya kumpaka mtoto poda; mbao zinuswe kabla hazijaguswa, kwa sababu wadudu hunuka unga mkavu. Na usiamini mtu anayekuletea ngoma. Hilo la ngoma lilitokana na ngoma moja tuliyoipokea kwa heshima zote, hotuba zikatolewa, na wakati wa hotuba ya mwisho panya na wanawe wakatoka ndani yake wakapita mbele ya mgeni rasmi. Mzee Masanja aliwapisha.

Alistaafu akarudi kwao, na miaka michache baadaye tukapata habari za msiba. Nilibaki na brashi yake na sauti yake.

Sasa nije kwa Mzee Kasiani Lukuta, maana najua ndiye mnayemsubiri. Mnamfahamu. Hata mtu asiyewahi kuingia makumbusho amepita mbele ya sanamu zake: wale wakulima wa mninga, wakubwa kuliko binadamu, mikono minene, viganja vimefunguka na vidole vyote vimenyooka kana kwamba wanakinga mvua. Waandishi walizoea kusema mikono ile ni nguvu ya mkulima wa nchi hii. Mzee mwenyewe hakusema kitu. Aliishi Ifakara peke yake, hakuoa, hakupenda wageni, na wanahabari waliofunga safari kumfuata walirudi na picha ya mlango.

Alipofariki, mdogo wake, Mama Eusebia, na mtoto wa huyo mama, Deo, waliomba makumbusho yachukue vitu alivyoacha. Mimi nilitumwa kwa sababu Mang'ula na Ifakara ni bonde moja. Mkuu wangu wa wakati ule alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alikuwa na uhakika kwamba ndani ya nyumba ile kuna sanamu ambazo dunia haijaziona, na tayari alikuwa na jina la maonyesho.

Nyumba ilikuwa nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Pumba zilipeperuka mpaka barazani. Deo, fundi wa vitanda, mtu mpole mwenye penseli sikioni, alinipokea.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

Kwenye karakana kulikuwa na sanamu chache ambazo hazijaisha, patasi zimepangwa vizuri, na harufu ya mninga. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba chenye kufuli. Ufunguo haukuonekana, kwa hiyo Deo akakata kufuli kwa msumeno wa chuma.

"Humu hata mimi sijawahi kuingia," akasema. "Mjomba alikuwa anaingia Jumapili, akitoka kanisani, anajifungia."

Tuliingia. Hakukuwa na sanamu hata moja. Kulikuwa na rafu za mbao kutoka sakafuni mpaka darini, na juu yake miko ya kupikia. Miko, vijiko, vikombe vya mbao, vitana, mipini ya visu na majembe, na kwenye kona magongo ya kutembelea. Vyote vilikuwa vimetumika. Miko imeungua ncha, vikombe vina nyufa, vitana vimepungua meno.

Deo alitazama kote, akasikitika kwa niaba ya mjomba wake. "Alikuwa anaokotaokota, mama. Hizi ni kuni."

Nilimtumia mkuu wangu picha. Akajibu kwa maneno matatu: "Sanamu ziko wapi?" Baadaye akapiga, akanielekeza nifungashe zile za karakana nirudi.

Ningeweza kurudi. Lakini nilikuwa nimeshanusa unga mkavu, na mbao zenye wadudu siziachi, hata ziwe kuni. Wadudu wa mbao huuawa kwa baridi kali, na ghala letu lenye mashine ya kazi hiyo lilikuwa mbali. Sokoni nikampata mama mmoja muuza perege, akakubali kuniazima friza lake la zamani. Nikafunga kila kitu kwenye mfuko wa plastiki, nikakigandisha, na kila umeme ulipokatika nilikaa juu ya mfuniko, asije mtu akafungua. Rehema, uliwahi kuniuliza kwa nini kabati namba saba lina harufu ya samaki. Ndiyo hiyo.

Vitu vilipoanza kutoka kwenye friza na kukauka, nikaanza kupangusa. Ndipo nilipoona kwamba mipini yake haikuwa ya kawaida. Mingine ilikuwa minene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Mingine ilikuwa na kitanzi cha ngozi, au cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimefungwa kwa ustadi mkubwa. Kikombe kimoja kilikuwa na masikio mawili mapana kama ya sungura. Nikatafuta mkono, kama kawaida yangu. Kwenye mpini wa mwiko vidole huacha alama nyeusi za kuzunguka. Hapa hazikuwepo. Mng'ao ulikuwa mpana, wa kiganja, na ulipanda mpaka pale ambapo kifundo cha mkono kingelala.

Nikajaribu kuushika mmoja. Ukakataa, ukateleza. Nikajaribu upande wa pili. Mwishowe nikakunja vidole vyote ndani ya kiganja, nikapitisha ngumi kwenye kitanzi, na mwiko ukatulia kana kwamba umenipimia.

Niliuweka chini nikakaa. Mtu wa umri wangu aliyekulia bondeni haambiwi mikono ile ni ya nani. Nje kidogo ya mji kulikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Tulipokuwa watoto, tukiletwa mjini kwa misa ya Pasaka, tuliwaona wakikaa benchi lao.

Mama Eusebia alikuwa akija kila alasiri na chupa ya chai na vitumbua. Alikuwa mzee mnyoofu, kitambaa cheupe kichwani, mwenye kupenda kila jambo liwe mahali pake. Siku hiyo tulikunywa chai, tukaongea habari za mvua, halafu nikauliza, tena kwa upole nilioweza:

"Mama, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuugua ukoma?"

Akakusanya vikombe, changu kikiwa bado nusu.

"Kwetu hakuna ugonjwa huo."

Alipofika mlangoni akasimama, bila kugeuka. "Mama yangu alikufa kwa homa, mimi nikiwa naanza kutambaa. Nimelelewa na shangazi Mahenge. Ukiandika, mwanangu, andika hivyo."

Nikajua kwamba nyumba ile ilikuwa na miko ya aina zote mbili.

Kesho yake nilichukua bajaji mpaka kwenye yale makazi, nikiwa na kile kikombe cha masikio mapana. Wagonjwa siku hizi hutibiwa majumbani na kupona. Waliobaki pale ni wazee wachache waliopona zamani wasiwe na pa kurudi. Nikaelekezwa kwa Bibi Pelagia, aliyekuwa amekaa kivulini akichunga kuku wake kwa macho. Nilimwamkia. Akanijibu marahaba, akaona kikombe mikononi mwangu, akacheka mpaka akakohoa.

"Hicho changu! Umekitoa wapi?"

Akakipokea kwa mikono yake isiyo na vidole, akakiinua mdomoni kikiwa kitupu, na masikio yale mawili yakakaa sawasawa kwenye viganja vyake.

"Kasiani alinichongea nikiwa msichana," akasema. "Nilikuwa nanyweshwa na wenzangu kama ndama. Siku niliyokunywa uji mwenyewe nilikunywa mpaka nikaumwa tumbo."

Ndiye aliyenisimulia. Mama yake Kasiani aliitwa Agata. Alipougua, mumewe alimkataa, na ndugu wakamleta pale. Kasiani, kijana mdogo, akamfuata kwa miguu, akawa anaishi na watu wa jirani na kuja kila siku. Agata alikuwa anapenda kujipikia, na mwiko ulikuwa unamtoka mkononi na kuanguka motoni. Kijana akachukua kipande cha mninga na kisu, akachonga mpaka akapata mpini ambao mama yake angeweza kuushika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuchonga. Jirani akaona, akataka kijiko. Mwingine kitana.

"Akawa fundi wetu. Hata alipokuwa mtu mkubwa, anaitwa mijini, alikuwa anarudi na begi lake la patasi. Chako kikichakaa anakupa kipya, anaondoka na cha zamani. Tukimuuliza cha nini, anasema, 'Hiki kimeshakujua.'"

"Na Mama Eusebia?"

Akafukuza kuku.

"Agata alimwacha binti mchanga kwa shangazi. Akamwapisha Kasiani: mwambie mdogo wako nimekufa. Asije akakosa mume kwa ajili yangu. Kasiani akakubali. Agata kafa binti ameshaolewa, ana watoto. Alikuwa anapata habari zake zote. Akisikia kajifungua, anapika, anatuita."

"Bibi, naweza kuandika jina lako?"

"Liandike lote. Niliugua, sikuiba."

Nilirudi na kikombe, maana alisema kimekwisha hamu kwake, na nikiwa kwenye bajaji nikajiuliza swali ambalo hamtalikuta kwenye mwongozo wowote wa kazi. Nilikuwa nimeambiwa siri ya mtu ambayo mwenyewe hakuijua. Mkuu wangu, nilipomdokezea, alichangamka, akasema hayo ndiyo maonyesho yenyewe, watu watajaa. Alikuwa na haki ya kuona hivyo. Lakini nilimkumbuka Mzee Masanja akisema kwamba kitu huwa na mwenyewe kabla hakijawa na namba. Nisingeweza kumwacha Mama Eusebia asome habari za mama yake ukutani, amesimama kati ya wanafunzi.

Nikamwambia mchana, jikoni kwake, akiwa anachambua mchele. Nilimwambia yote kama nilivyoambiwa, bila kupunguza. Mikono yake iliendelea kuchambua, halafu ikasimama.

"Nilikuwa na watoto wangapi mama alipokufa?"

"Bibi Pelagia anasema wawili walikuwa wameshazaliwa."

Alinyanyuka, akashika ukingo wa dirisha.

"Kila Novemba," akasema, "siku ya kuombea marehemu, nawasha mshumaa wa mama. Kasiani anasimama pembeni yangu. Ananiwashia kiberiti. Mama yuko pale, mwendo wa baiskeli, anapika ugali, na kaka yangu ananiwashia kiberiti!"

Akaniomba niondoke, kwa adabu, na akanifungia mlango taratibu.

Kesho yake alasiri chai haikuja. Siku iliyofuata akaja Deo na mkokoteni, uso umemshuka.

"Mama amesema vya chumbani vyote vikachomwe. Vya karakana mchukue. Nisamehe mama, mimi nimetumwa."

Nilikuwa sina karatasi iliyotiwa saini, na vitu vilikuwa vya familia. Nilimwambia ukweli: kwamba sitamzuia, kwa kuwa sina haki hiyo. Nikamwomba tu anisaidie kuvitoa kwenye mifuko, kimoja kimoja, kwa mikono miwili. Tukaanza. Deo ni fundi. Alipofika kwenye mwiko wa tatu au wa nne, akakiangalia kitanzi, akakitia mkono wake, akakunja vidole. Akajaribu mwingine. Akakaa kwenye mkokoteni wake.

"Kila mmoja ana mkono wake," akasema. "Amempima kila mtu."

Aliondoka na mkokoteni mtupu. Alimwambia nini mama yake sikuuliza. Najua tu kwamba asubuhi moja nilisikia bajaji nje, na aliyeshuka kwanza alikuwa Mama Eusebia, amevaa nguo za kanisani, na nyuma yake akamshusha Bibi Pelagia, amemshika kiuno kama anavyoshikwa bibi harusi. Alikuwa amemfuata mwenyewe kule makazini.

"Mwanangu," akaniambia, "nionyeshe wa mama."

Sikuwa naujua. Bibi Pelagia akapita mbele ya rafu, akitazama na kutaja: huu wa fulani, marehemu, huu wa fulani, mkorofi huyo, na mwisho akasimama. Mwiko ulikuwa mdogo, mweusi, umelika upande mmoja, na ngozi ya kitanzi imefungwa upya juu ya ngozi ya zamani.

"Agata," akasema.

Mama Eusebia hakuupokea mara moja. "Alikuwa akiimba, akipika?"

"Kuimba? Thubutu! Alikuwa anagombana na moto. Wali wake ulikuwa unaungua kila siku, na ukoko anakula mwenyewe, hakupi."

Mama Eusebia akacheka, kicheko kikamgeukia kilio, na akaupokea mwiko kwa mikono miwili bila mtu kumfundisha. Alipotulia akaniuliza kama anaweza kuupikia.

Mnajua sheria. Mimi ndiye niliyewasomesha: kitu kikishaingia mikononi mwetu hakiguswi na maji, moto wala mafuta. Mwiko ule nilikuwa nimeukausha, nimeupangusa kwa brashi ya Mzee Masanja, nimeandaa wino. Namba nilikuwa bado sijaiandika. Nikafunga kichupa cha wino.

Tulipikia uani, kwa mkaa. Deo alileta sufuria na kambale. Mama Eusebia alikunja vidole vyake vitano vizima, akapitisha ngumi kwenye kitanzi, akaanza kugeuza wali kama Bibi Pelagia alivyomwelekeza: kiwiko juu kidogo, bega lisukume. Mwanzoni wali ulimwagika. Baadaye mkono wake ukazoea. Tulikula sote. Ukoko alikula mwenyewe.

Vitu vilivyobaki vilikuja kwetu, kwa ridhaa ya familia na ya wazee waliokuwa bado hai, kila kimoja na jina la aliyekitumia. Maonyesho mnayakumbuka. Mama Eusebia ndiye aliyesisitiza kwamba jina la mama yake liwekwe, na ugonjwa wake, na kwamba aliishi. Zile sanamu za wakulima ziliwekwa chumba hichohicho. Sisemi kwamba najua kwa nini Mzee Kasiani aliwachongea watu wake mikono ile, vidole vyote vimenyooka. Hakumwambia mtu. Nasema tu kwamba siku ya ufunguzi nilimwona Mama Eusebia akisimama mbele ya mmoja wao, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mti, na mlinzi akaniangalia nimkataze, nami nikaangalia pembeni. Sijui kama alimsamehe kaka yake. Niliwahi kumuuliza, akasema anamsamehe siku nyingine, siku nyingine anamgombeza, na kwamba wote wawili wana muda.

Mwiko wa Agata hauko kwenye mkusanyo wetu. Mkikuta pengo, msilitafute.

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye kile kiti mlichonipa, simu ikaita. Alikuwa Mama Eusebia.

"Mwiko wa mama umepasuka," akasema. "Toka mpini mpaka chini."

Nikainuka. Nikaanza kumweleza habari za gundi, ya aina gani, na asiukaushe juani, na Deo aubane vipi. Akaniacha niongee mpaka nikamaliza.

"Sikuulizi dawa, mwanangu. Umepikiwa, umechoka. Nilitaka tu kumwambia mtu anayeufahamu."

Nikampa pole. Akaitikia ameshapoa. Tukabaki kwenye simu, nami nikisikia kule kwake sufuria likianza kuchemka.